Sufuria ya Watu wa Uani

Nilikaa ua mmoja na Mama wa Uani miaka mingi, na sikumwona hata siku moja akila chakula alichokipika mwenyewe mpaka akashiba. Alikuwa akionja tu. Anachukua mwiko, anadondosha tone la mchuzi kiganjani, analamba, kisha anaongeza chumvi au haongezi. Sisi tukishalizunguka sinia, yeye utamsikia akisema, "Kuleni, mie nimeshiba harufu." Nasi tulimwamini, maana mwenye njaa hamchunguzi mpishi.

Kumbe alasiri alikuwa na safari zake. Anajifunga khanga vizuri, anatoka kimya kimya mpaka kwenye banda la chipsi karibu na stendi, anakaa kwenye benchi la pembeni akiwapa watu mgongo, anaagiza chipsi mayai. Nilimfumania siku moja nikitoka sokoni. Nikasimama mbele yake na kikapu changu, mdomo wazi.

"Mama! Na wewe wa chipsi?"

"Punguza sauti, mwanangu," akasema bila kuacha kutafuna. "Hiki ninachokula sikukimenya, sikukiosha, wala sijui kimetoka kwa nani. Nenda zako, niache nistarehe."

Nilicheka njia nzima. Leo nikikumbuka sicheki sana.

Watu wote walimwita Mama wa Uani, hata waliomzidi umri. Nyumba yetu pale Kilwa Masoko ilikuwa ya vyumba vya kupanga vilivyozunguka ua mmoja, bomba moja, choo kimoja, na banda moja la jiko lililoezekwa kwa makuti. Chumba chake kilitazamana na banda hilo. Nadhani mkosi wake ulianzia hapo, kwani ambaye mlango wake unatazama jiko hawezi kusema hakuuona moshi.

Jambo lenyewe lilianza kwa mvua. Mwaka huo mimi ni bibi harusi, hina haijatoka vizuri miguuni. Barabara ya kwenda Dar ikakatika huko upande wa Somanga, malori yakalala njiani, madukani unga na mafuta vikaadimika, mkaa ukalowa na bado wakathubutu kuupandisha bei. Kila chumba kikabaki na kitu ambacho peke yake si chakula. Huyu ana kunde za kujaza mkono, yule ana nazi moja, mwingine ana ng'onda, samaki wa kukausha, aliyeanza kutoa harufu. Mimi nilikuwa na mchele wa kikombe na aibu ya gunia, nimejifungia ndani nauchemsha juu ya jiko la mchina la mafuta ya taa ili watu wasijue udogo wake.

Mama wa Uani akasimama mlangoni kwake, akapaza sauti:

"Nyie humo vyumbani mnapika nini, maji? Hebu toeni hivyo vijitu vyenu. Moto mmoja utatutosha."

Tukatoa, kila mtu akificha chake chini ya khanga kama kitu cha wizi. Akazichemsha kunde, akamwaga mchele juu yake, akachuja tui la ile nazi moja, ng'onda akamchambua mpaka akawa nyuzi nyuzi. Tukala sote na ukoko ukabaki. Mvua ilipokatika barabara ikatengenezwa, malori yakapita, maduka yakajaa tena. Ile sufuria haikuepuliwa.

Kwa kweli ilikuwa nafuu. Kuni zilikuwa za shirika, chumvi ya shirika, na hakuna aliyelala njaa katika ua ule. Waume zetu wengi walikuwa watu wa kubahatisha, leo kapata, kesho hakupata. Mwenye kidogo alileta kidogo, asiye na kitu alichota maji au alikuna nazi. Kwake ulijifunza kwa kusimama pembeni na kutazama, kwa sababu ukiuliza sana anakupa kazi. Chicha la nazi halitupwi. Linakaangwa na kitunguu likatiwa kwenye mchicha. Nazi ikikosekana, ufuta unakaangwa na kutwangwa, na kisamvu hakitajua tofauti. Nyanya zikiwa ghali, embe bichi au ukwaju vipo. Mbaazi zinalowekwa alfajiri, zikichemka zinafunikwa na kutolewa kuni, ziive kwa joto lao wenyewe. Ukoko unaloweshwa uwe uji wa watoto asubuhi. Na dagaa wachache hawapikwi wazima.

"Samaki akionekana, watu watamhesabu," alikuwa akisema huku akiwatwanga. "Akipotea mchuzini, kila mtu atadhani kampata."

Alikuwa mkali pia, msimdhanie malaika. Hakupenda kuulizwa chakula kitaiva saa ngapi. Hakupenda mtu kufunua sufuria. Zaidi ya yote alichukia mtu kutaja alicholeta. Dereva wa bodaboda wa chumba cha pili alileta kipande kizuri cha nguru siku moja, na wakati wa kula akawa anaguna kwa kujisifu, "Leo mnafaidi, eh? Nguru huyo si wa bei ya kawaida." Mama wa Uani akainuka. Akachukua upawa, akavitafuta vipande vya nguru vyote kimoja kimoja, hata kile kilichokuwa mbele ya mtoto wangu, akavijaza kwenye sahani na kumsukumia.

"Nenda kale na mkeo chumbani. Sisi huku mchuzi unatutosha."

Mkewe alimtazama mumewe kwa jicho ambalo nisingependa kulipata. Yule bwana alirudi na sahani ile ile baada ya muda mfupi, akavirudisha vipande mchuzini mwenyewe kwa mkono wake, wala hakusikika tena kutaja bei ya kitu.

Na sisi tulimsifu. Hapo ndipo penye neno. "Mashallah, mkono wako una baraka." "Mama, bila wewe tungekufa." "Kitu kidogo hivi umekifanyaje kikatosha?" Tulimsifu kila siku ya Mungu, asubuhi na mchana. Siwezi kusema tulimvika kilemba cha ukoka, kwani tuliyoyasema yalikuwa kweli. Lakini kilemba ni kilemba. Ukikivikwa kila siku shingo inachoka, na kukivua mbele ya watu unaona haya.

Siku moja alijaribu kukivua. Aliamka, akafagia, akarudi ndani, akafunga mlango na kusema kupitia dirishani, "Leo sipiki. Kila mtu na lake." Tukachekelea, tukasema apumzike, ni haki yake. Kila mmoja akawasha chake. Mimi niliunguza kisamvu, jirani yangu alikosa chumvi akaona aibu kuomba. Ilipokaribia adhuhuri watoto walikuwa wamejipanga mbele ya mlango wake. Hakuna aliyewatuma. Wamesimama tu, kidole mdomoni. Waume nao wakaanza kurudi mmoja mmoja, wanakaa barazani, wanakohoa.

Mlango ukafunguka. Alitoka na uso uliovimba.

"Nyie watu," akasema, "hata kufa njaa kimya kimya hamwezi?"

Tukapiga makofi na vigelegele. Yeye akaingia jikoni na hakucheka. Nilimwona anavyoinama kupuliza moto, nikajua analia, nikajiambia ni moshi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mumewe alikuwa amekwisha kufa nilipohamia pale, na alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Na hapa kuna jambo lililotushangaza wote. Mama huyu aliyewafundisha wasichana wa ua mzima, aliyenifundisha hata mimi niliyekuja najua kuchemsha chai tu, hakumruhusu bintiye kukanyaga jikoni. Akimwona anasogea anamfukuza. "Toka humu! Moshi huu si wako." Akimkuta ameshika mwiko, anampokonya na kumpa mtoto wa mwingine. Yule binti alikuwa akikaa kwenye ngazi ya chumba chao na kitambaa chake cha kudarizi, anatutazama sisi tunakuna, tunatwanga, tunapepeta.

Alipochumbiwa mambo yakaharibika. Kungwi alikuja na hasira zake kutoka kumfunda mwari, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Shoga, mwanao huyu hata kukuna nazi hajui. Nitamkabidhi vipi kwa mume? Watu watasema nini?"

"Mkabidhi hivyo hivyo."

"Mtoto wa mpishi kama wewe! Huoni aibu?"

"Sioni," akasema Mama wa Uani. "Asiyejua kupika haitwi."

Kungwi aliondoka akisonya. Mimi nikabaki, nikaosha vyombo polepole, nikisubiri aseme. Hakusema mpaka sufuria zote zikakauka. Kisha akaniambia, kama anayezungumza na lile banda, "Mimi nilifundishwa mapema, nikasifiwa mapema, na ndiyo maana nimo humu. Nikilala nawaza mtakula nini. Nikisali nawaza mtakula nini, Mungu anisamehe. Huyu nataka aishi kama watu. Akiharibu chakula, watamzoea hivyo, watatafuta mwingine."

Basi binti akaolewa Songo Songo bila kujua kupika. Mumewe alikuwa kibarua kule kwenye mitambo ya gesi. Mama wa Uani alipenda kutania kwa hilo: "Mkwe wangu anachimbua gesi chini ya bahari, mie mkwewe natoka machozi kwa kuni za mkorosho." Ilikuwa kweli. Tulikuwa na mitungi midogo ya gesi vyumbani, lakini ya kupashia chai ya mgeni. Sufuria ya watu wote ungeiweka juu ya mtungi ule ungeinama.

Binti akapata mimba, akampigia simu mama yake: njoo, Mama, nijifungue ukiwepo. Kwa mara ya kwanza nikamwona Mama wa Uani ana haraka ya jambo lake mwenyewe. Akanunua sanduku. Akaniambia akishafika huko huenda asirudi, atakaa na bintiye, atalea wajukuu, atakula kinachopatikana. Boti ilikuwa iondoke Kivinje maji yakiwa yamejaa, na maji hayamngoji mtu. Kwa hiyo asubuhi ile alikuwa ameshavaa baibui, sanduku liko mlangoni, bodaboda wa chumba cha pili anapasha injini.

Sasa sikilizeni tulichofanya. Tulitaka kumuaga vizuri, hatukuwa na nia nyingine. Mimi nikampelekea visheti kwenye bakuli langu la maua. Mke wa bodaboda akaleta mkate wa kumimina. Mwingine akaleta kisamvu, mwingine ming'oko, ile mizizi ya porini, amechemsha na pilipili yake pembeni, ale njiani. Kila chumba na bakuli lake. Tukayapanga kizingitini kwake, tukasimama nyuma yake kwa furaha, tunajiona watu wa maana.

Akayatazama. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Utatia chochote, hata ndimu, hata fungu la mchicha, lakini ukilirudisha tupu ni kama umemwambia mwenye nalo hutaki kumwona tena. Na kusafiri na vyombo vya watu hakuwezekani.

"Mngenipa kwenye mifuko," akasema taratibu.

"Mama, tukupe chakula kwenye mfuko, wewe?" tukamjibu. Tulidhani anatania.

Nikamwambia, "Tia hata ndimu, Mama, uende."

"Mtu ninayemuaga labda milele, nimrudishie bakuli na ndimu?"

Akavua baibui. Akalikunja, akaliweka juu ya sanduku, akaingia jikoni kuwasha moto. Alisema atapika mbaazi za haraka tu. Mbaazi hazina haraka. Tulimwambia aache, tulimwambia sana, lakini harufu ya tui ilipoanza kupanda sauti zetu zikapungua, na watoto wakaenda kuchukua sahani. Alipomaliza kulijaza bakuli la mwisho, bodaboda alikuwa ameshazima injini. Boti ikaondoka bila yeye, na binti akajifungulia mikononi mwa mama mkwe. Mjukuu wake wa kwanza alimwona kwenye simu yangu, picha inakatika katika, yeye anaisogelea na kuita "Hebu mgeuzeni, nione kisogo!" mpaka salio likaisha. Baada ya hapo kila alipotaka kwenda kulikuwa na kitu: mfungo, msiba, mtu mgonjwa chumba cha tatu anayehitaji uji, kisha magoti yake. Sanduku likaingizwa mvunguni. Tulitaka kumuaga, tukamfunga, na mpaka leo inaniuma.

Mume wangu alipohamishiwa Lindi, niliondoka kwa urahisi wa kuchukiza. Hakuna aliyenisubiri mlangoni na sahani.

Mwaka huu nilikwenda msibani Kivinje, na wakati wa kurudi nikakunja njia mpaka Masoko. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya chumba chake, miguu ameinyoosha. Amekonda. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akinivuta mkono nikae, na macho yake yalikuwa na furaha ambayo sikuizoea.

"Tazama jikoni," akasema.

Jikoni alikuwa binti yake. Kazi ya mumewe kule kisiwani ilikwisha, mume akaenda kuhangaika mahali pengine, na yeye akarudi kwa mama yake na watoto watatu. Magoti ya mama hayakunjiki tena, kwa hiyo mwiko ameushika binti. Nilisikitika. Nikaanza kutafuta maneno ya kumpa pole, akaninyamazisha.

"Ngoja kwanza ule."

Tukala. Ulikuwa wali na mchuzi wa dagaa. Wali una chumvi mpaka ulimi unakunjamana, na katikati una kiini. Dagaa wako wazima, wanakutazama. Nikameza kwa adabu. Wapangaji wa vyumba viwili tu ndio waliokuja kula nasi, wakadonoa, wakaaga mapema, wali ukabaki nusu sinia.

"Umeona?" akaninong'oneza, na nilikuwa sijamwona akitabasamu vile. "Wanapungua. Yule wa bodaboda amenunua jiko lake. Wa pembeni wanapika wenyewe. Kila siku namwambia usijali, mwanangu, pika unavyojua. Wakiisha wote, tunaondoka. Kuna rafiki yake huko Mtama ana chumba cha cherehani, amemwambia njoo tushone. Mwezi ujao, inshallah. Mie nitakaa nikate nyuzi."

Nikamshika mkono. Nilifurahi kwa dhati, nikajikuta namwombea binti aendelee kuunguza.

Tulikuwa bado tunazungumza alipoingia mpangaji wa chumba cha mlangoni, mwanamke mgeni kwangu, mtoto mgongoni. Mumewe yuko shamba, hajarudi. Mkononi ana vipande vya muhogo vilivyochemshwa, vichache, vimepoa. Akamwambia binti kwa sauti ya chini kwamba hana kingine, na watoto wake hawajala tangu jana.

Binti akautazama ule muhogo. Akautazama wali uliobaki kwenye sinia. Mama wa Uani akaubana mkono wangu.

Hakuna aliyemwambia la kufanya. Binti alichukua kinu, akatia muhogo usio na chumvi, akatia wali wenye chumvi nyingi, akatwanga vikashikana. Wale dagaa waliokataliwa akawaponda humo humo pamoja na kitunguu na pilipili moja. Akafinyanga vikate vyembamba, akavikaanga kwa mafuta kidogo, ya kulowesha tu kikaango. Ua mzima ukanukia. Watoto wakaanza kutoka vyumbani, hata wa yule bodaboda mwenye jiko lake.

Akatuletea sisi kwanza, kwenye kisahani. Mama wa Uani akamega kikate kidogo, akaweka ulimini. Kilichobaki akakirudisha kisahanini.

"Sikumfundisha," akaniambia. "Wallahi, hiki sikumfundisha. Hata mimi sikijui."

Pale jikoni mpangaji wa mlangoni alikuwa tayari anasema, mdomo umejaa, "Dada, mashallah! Mkono wa mama yako huu!"

"Msimsifu," Mama wa Uani akasema. Sauti yake haikufika jikoni. "Nakuombeni, msimsifu."

Binti hakusikia. Alikuwa anakuja kwetu na sinia la kugawia vikate, anajifuta jasho kwa upindo wa khanga, uso unang'aa kwa namna ambayo sijawahi kuuona toka akiwa msichana wa kukaa kwenye ngazi. Akasimama mbele yangu.

"Vipi, dada? Vimekuwaje?"

Mama yake alikuwa ananitazama. Kile kikate kilikuwa kitamu, kitamu sana, na nilikuwa bado ninacho mdomoni.

"Chumvi imezidi," nikasema.

Akacheka. Akaliinua sinia anionyeshe lilivyo tupu, kisha akageuka upesi kurudi jikoni, kwa sababu pale kwenye banda walikuwa wamesimama watoto wengine na sahani zao.